Hodi kwanza, foto baadaye



Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, kilio, majina ya ukoo na heshima kwa wakwe. Mimi leo naleta jambo ambalo wengi hawatalihesabu kuwa la desturi: namna wanafunzi wanaotoka nchi za nje wanavyotupiga foto katika maisha yetu ya kila siku, kisha wanarudi kwao na sura zetu ndani ya mfuko. Nasema ni jambo la desturi, tena la desturi ya kwanza ambayo mtoto anafundishwa nyumbani mbele hajajua kuandika: kubisha hodi. Mtu anayeingia katika lupango la mwenzake bila hodi, tunamwitaje? Kila mmoja wetu anajua jibu.

Najua kuko watakaonijibu kwamba nchi iko na matatizo makubwa kuliko foto. Ni kweli, vita iko, njaa iko, mishahara ya walimu naijua mimi mwenyewe. Lakini watu wanaonyimwa heshima katika mambo madogo, wanazoea kunyimwa katika makubwa pia. Kwa hiyo nitasema.

1. Mama wa makala

Nianze na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja mwanafunzi alikuja hapa Lubumbashi kutoka Ulaya kufanya staji ya miezi mitatu. Alikuwa na adabu, alikula bukari pamoja nasi, alijifunza kusalimia. Niliombwa kumsaidia kwa lugha, nami nilikubali kwa furaha. Nilimtembeza katika kartie yetu, na kila mahali alikuwa na aparei yake ya foto shingoni.

Kwenye kona ya barabara yetu kuko mama mmoja anauzisha makala. Ni mjane. Asubuhi mapema anapokea mifuko kutoka kwa vijana wanaoileta kwa baiskeli toka porini, anaifungua, anapanga mafungu madogo kwa wale wasioweza kununua mfuko mzima. Kwa makala ile amesomesha watoto watatu, na wa kwanza alikwisha kupata diplome ya Serikali. Ile siku alikuwa ameinama juu ya mfuko, mikono na uso vimejaa vumbi jeusi. Yule binti akainua aparei, akapiga foto tatu, ine. Mama akainua kichwa. Hakumtazama mgeni, alinitazama mimi. Akaniuliza:

— Mwalimu, ile foto anaipeleka wapi?

Nilimjibu nini? Nilicheka kidogo, nikasema: «Ah, mama, ni ya masomo tu.» Tukapita.

Mwaka uliofuata, foto ilirudi kwa njia ya telefone. Yule binti alikuwa amefanya maonyesho katika shule yake, na mtu wetu mmoja anayeishi kule aliona, akatuma. Chini ya sura ya mama kulikuwa maneno machache ya Kifaransa juu ya umaskini wa kila siku katika Kongo. Jina lake halikuwepo. Mtoto wake wa mwisho alikuwa katika darasa langu. Wenzake walimwonyesha ile foto wakati wa mapumziko, wakacheka. Alikuja kwangu bila kulia, akaniambia tu:

— Mwalimu, ni weye ulimuleta kwetu, ao?

Siku tatu hakuonekana masomoni. Nilikwenda kumwona mama yake. Sikupata matusi, na ingekuwa afadhali ningepata. Alisema:

— Miye shikatalake foto. Kama alinilomba, ningevala kitenge yangu ya ku misa, ningenawa uso. Juu ya nini alinikamata na buchafu ya kazi? Na jina yangu hakuiuliza.

Ndugu msomaji, mambo yote ninayotaka kusema yako ndani ya maneno yale. Mimi naongeza tu maelezo.

2. Si kweli kwamba tunaogopa foto

Kuko hadithi ya zamani, inasema Mwafrika anaogopa foto kwa kuwa inamwiba roho. Wageni wanapenda kuirudilia, na hata wasomi wetu wanaitumia kwa kuwachekesha wageni. Hadithi ile inafaa sana kwa yule asiyetaka kuomba ruhusa. Mama akigeuza uso, anasema: «Ni imani zao za kienyeji.» Hivi, kukataa kwake kunageuka ujinga, na kosa la mpiga foto linafutika.

Fungua sanduku la nyanya yako. Utakuta nini? Foto za studio! Baba amesimama karibu na baiskeli mpya, mama amekaa kwenye kiti, mkono umewekwa vizuri ili saa ionekane, nyuma yao pazia lililochorwa maua. Kule Kinshasa, Jean Depara, aliyefariki 1997, alipiga foto watu wa muziki na wa starehe tangu miaka ya 1950, na watu walijipanga mbele yake kwa furaha. Wazazi wetu walipenda foto kupita kiasi. Lakini angalia vizuri: katika foto zile mwenye sura alichagua nguo yake, alichagua namna ya kusimama, alilipa, na kisha foto ilikuwa yake. Aliituma kijijini, aliiweka ukutani, watoto wake wanaiangalia mpaka leo.

Wazee wa Élisabethville walikuwa na woga mwingine. Walisimulia habari za batumbula, watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwapeleka kusikojulikana. Sisi vijana tulicheka. Lakini waliogopa nini hasa? Waliogopa kuchukuliwa na mtu wasiyemjua, kwenda mahali wasipopajua, bila habari kurudi kwa ndugu zao. Sasa lilinganishe na swali la mama wa makala: «Anaipeleka wapi?» Ni swali lile lile. Hakuuliza juu ya mashine, aliuliza juu ya safari.

3. Foto yenye jina na foto isiyo na jina

Tabia hii haikuanza na telefone. Miaka ya 1898 mpaka 1900 msafara wa Charles Lemaire ulipita katika Katanga. Ulikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga foto, François Michel. Kazi yao ilikwenda mpaka makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Baadaye, miaka ya 1920 na 1930, Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa na studio Léopoldville, alitengeneza karatasi za posta nyingi chini ya kichwa kinachosema Afrika inatoweka. Ni foto nzuri, sikatai. Lakini chini ya sura za watu, mara nyingi unasoma jina la kabila tu. Mtu mzima, mwenye baba na mama, amekuwa «aina ya mtu». Aliyemnunua kwa posta Bruxelles alijua kabila lake, hakujua jina lake.

Mwaka 2006, ndugu yetu Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi 1978, alifanya kazi aliyoiita «Mémoire». Alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziweka juu ya foto za leo za mitambo iliyokufa ya Gécamines. Mtu wa hapa akizitazama, anatafuta: huyu si babu yangu? Huyu hafanani na watu wa kwetu? Hakuna wa kumjibu, kwa kuwa siku ile aliyekuwa nyuma ya mashine hakuona faida ya kuuliza jina. Na leo mwanafunzi iko na telefone yenye nafasi ya majina elfu na elfu, lakini hata moja haandiki!

Kuko watakaoniambia: «Mwalimu, foto ilituokoa sisi Wakongo wakati wa mpira mwekundu.» Ni kweli, na ndiyo mfano ninaoutaka. Tarehe 14/05/1904, kule Baringa, Alice Seeley Harris, bibi wa misioni, alipiga foto baba mmoja ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa mtoto wake, vimewekwa mbele yake. Ndivyo vilivyobaki kwa mtoto yule, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ABIR. Foto ile ilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, ikawa moja ya sauti zilizomlazimisha Leopold II kuacha Kongo mikononi mwa taifa la Ubelgiji mwaka 1908.

Lakini tunajua baba yule ni nani. Ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Mtoto wake aliitwa Boali. Nsala alikuja misioni mwenyewe na mashtaka yake, na foto ilibeba mashtaka yale mpaka ng'ambo. Alijua kwa nini anapigwa foto. Hata katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake, jina lake halikupotea. Basi, wenye kutetea foto ya haraka, ya kupita njia, wasimtaje Nsala kwa kujikinga. Nsala anawashtaki.

4. Sheria kwao, bure kwetu

Tusidanganyane kwamba wageni hawa hawajui. Katika Ubelgiji, sheria ya tarehe 22/03/1886 ilikwisha kusema kwamba hakuna anayeruhusiwa kutangaza sura ya mtu bila mwenyewe kukubali, na baada ya kufa kwake ni warithi wanaokubali, muda wa miaka 20. Kanuni ile ingali katika sheria zao mpaka leo. Mwaka 1886, ndugu msomaji! Ni mwaka mmoja tu baada ya Leopold kujifanya mwenye Kongo. Wakati Kongo ilikuwa shamba la mtu mmoja, Mbelgiji kule kwake alikwisha kuwa mwenye sura yake.

Tangu 25/05/2018, nchi za Umoja wa Ulaya ziko pia na kanuni kali juu ya habari za kibinafsi. Mwanafunzi wa kule akitaka kupiga foto watoto wa shule, kwa kawaida wazazi wanapewa karatasi ya kutia sahihi. Sasa mwanafunzi yule yule anapanda ndege, anashuka Luano, anaingia katika uwanja wa shule na kupiga foto darasa zima bila kuuliza. Mtu ni yule yule na aparei ni ile ile. Kilichobadilika ni watu walio mbele yake.

Na sisi pia tuko na sheria. Katiba ya 18/02/2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Tangu 13/03/2023 tuko na sheria ya mambo ya numeriki, nayo inasema juu ya kulinda habari za kibinafsi. Nani ameieleza kwa mama wa sokoni? Piga foto daraja au uwanja wa ndege, utaona maaskari wanatokea hata mahali usipowafikiria, na utatoa matabishi mpaka mfuko utoboke. Piga foto mjane juu ya makala yake, hakuna atakayekuuliza kitu. Tunalinda saruji, hatulindi sura ya mzazi.

5. Wanayojitetea nayo

Wa kwanza wanasema: «Ukiomba ruhusa, watu wanajipanga, ukweli unapotea.» Ukweli gani? Mama aliyenawa uso na kuvaa kitenge si mama wa kweli? Siku ya Mungu ndivyo alivyo, na siku ya kuandikisha watoto shuleni ndivyo alivyo. Kama unataka kumwona kazini, uliza, kisha kaa naye. Keti kwenye kigoda siku mbili, siku tatu. Atakuzoea, atarudi kwa makala yake, na utapata foto nzuri kuliko ile ya kuiba. Wenye kukosa muda wa kukaa, wasituambie kwamba wanatafuta ukweli. Wanatafuta kumaliza kazi ya shule.

Wa pili wanasema: «Ukiomba, watu wanataka pesa.» Wengine ndiyo, na ni haki yao kuuliza, sawasawa na haki yako kukataa na kufunga aparei. Lakini wengi, neno wanalosema ni moja: «Utanirudishia yangu?» Ahadi zinatolewa kwa wingi. Hesabu foto ngapi zilizorudi katika kartie yako.

Wa tatu, na hawa nawaheshimu, wanasema: «Umaskini uko, mnataka tuufiche?» Hapana. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na dunia ione vijana wa Kolwezi wanavyoshuka katika mashimo ili betri za telefone zipatikane. Ionyeshwe! Lakini kijana yule akitambulikana katika foto, anaweza kufukuzwa mahali anapochimba, na ndipo anapopata chakula cha nyumba yake. Uliza kama sura yake ionekane ao isionekane. Ni yeye anayebaki pale baada ya wewe kuondoka.

Tena nisiwe mtu wa kuhukumu wageni wote pamoja. Kule Norvège chama cha wanafunzi kinachoitwa SAIH kilitoa 2017 mwongozo kwa vijana wanaosafiri: waombe ruhusa, wawape watu jina na heshima, wajiulize kama wangependa kuonyeshwa vile wao wenyewe. Basi hata vijana wa kwao wamekwisha kuona kosa. Aibu iliyoje kama sisi wenye sura tutakuwa wa mwisho kusema!

6. Na watoto wetu?

Hapa nitawakasirisha wasomaji wangu. Mtoto wa dada yangu anasoma Uhindi. Siku moja alituma foto ya mzee mmoja amelala kando ya njia, na maneno: «Muone, ata huku kuko bamaskini!» Tulipitisha telefone mkono kwa mkono, tukacheka. Mimi pia nilicheka. Nilipolala, yule mtoto wa darasa langu alinirudilia mbele ya macho. Nani alibisha hodi kwa mzee wa Uhindi? Asubuhi nilimpigia simu mpwa wangu. Alijibu: «Yaye, Mjomba, ni foto tu.» Ni neno nililolisema mimi kwa mama wa makala, kasoro kubadili kidogo.

Na hapa mjini, angalieni kilio. Maiti iko katikati ya nyumba, mama zetu wameketi chini, na vijana wetu wanainua telefone juu ya sanduku, jioni kila mtu ameona. Tutamkataza mgeni kitu gani, ikiwa sisi wenyewe tumesahau kuinamisha kichwa? Hodi haina rangi ya ngozi. Mwenye kuidai, aanze kuibisha.

7. Ninayoyaomba

Mimi ni mwalimu, siwezi kumaliza bila kutoa kazi ya nyumbani.

Kwanza, mgeni akija kusoma kwetu, wale wanaompokea, iwe shule, parokia ao jamaa, wamwambie siku ya kwanza: hapa foto inaombwa kwa mdomo, na mtu akikataa, imekwisha.

Pili, kila foto ya mtu iandikwe jina lake kama anakubali, mahali na tarehe. Maneno ya chini asomewe katika lugha anayoielewa, mbele ya foto kuonyeshwa kokote.

Tatu, foto irudi. Iwe ya karatasi, kwa maana mama wengi hawana telefone kubwa. Mgeni aichapishe hapa hapa, mbele ya kupanda ndege.

Ine, mtoto wa shule asipigwe foto bila mzazi kujua, na kilioni aparei ibaki ndani ya mfuko, ila jamaa ya marehemu wakiomba wenyewe.

Tano, ni kwetu sisi wasomi tunaotembeza wageni. Tuache kucheka na kupita. Mgeni hajui njia, sisi tunaijua. Mama akituuliza swali, tusimame na kumpa jibu.

Nimalizie na deni langu. Nilimwandikia yule binti. Baada ya majuma mawili alijibu, aliomba msamaha, akaondoa foto katika maonyesho. Sina neno baya tena juu yake, isipokuwa foto ya karatasi aliyoiahidi haijafika mpaka leo. Kwa hiyo nilitafuta mpiga foto wa kartie, nikamlipa, tukaenda kwa mama pamoja na mtoto wake, mwanafunzi wangu. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha misa na kitambaa kichwani. Tulimpa kiti. Alitazama huku na huku, kisha akamtuma mtoto alete mfuko wa makala na kuuweka karibu na miguu yake. Nilimwuliza kama ni lazima. Akasema:

— Iikale. Makala njo ilisomesha batoto.

Nyuma ya foto ile tumeandika jina lake lote na tarehe. Iko ukutani kwake. Hapa jina silitaji, kwa sababu nilimwomba ruhusa na alisema hapana.